Sura ya 6: Popo Wakiwa Majirani, Watu Wafanyeje?

Swali hili huja kwa sura nyingi. Mwenye nyumba analalamika kwamba kila magharibi darini kunakuwa na vishindo, na harufu imeshindikana. Mkulima anaokota maembe yaliyong'atwa na kuuliza hasara hiyo ni ya nani. Mzazi wa mkoani Kagera, aliyesikia habari za ugonjwa wa Marburg mwaka 2023, anataka kujua kama watoto wake wako salama wakipita chini ya mti wenye popo. Mwanafunzi yeye huuliza kwa mkato: popo ana faida gani?

Chini ya yote hayo pana swali moja: kwa nini wasiondolewe tu?

Ni swali la haki, na halijibiwi kwa kumkemea anayeuliza. Linajibika kwa kutazama yaliyokwisha kutokea. Njia ya kuwaua na kuwafukuza imejaribiwa katika nchi kadhaa, na njia ya kuishi nao imejaribiwa pia, tena hapa hapa Afrika Mashariki. Matokeo ya zote mbili yanajulikana.

Mnyama mwenye bawa, si kipofu

Popo ni mamalia, yaani mnyama anayezaa na kunyonyesha. Miongoni mwa mamalia wote ni yeye peke yake anayeruka kwa kupiga mabawa. Wengine wanaosemwa kuwa wanaruka huteleza tu hewani kutoka mti hadi mti. Bawa lake ni mkono. Mifupa ya vidole imerefuka na ngozi nyembamba imetandazwa juu yake, mfano wa njiti za mwavuli na kitambaa chake, na kidole gumba kimebaki huru juu ya bawa kikiwa na ukucha wa kujishikia.

Dunia ina zaidi ya spishi 1,400 za popo. Spishi ni aina ya viumbe wanaozaliana wao kwa wao. Maana yake ni kwamba katika kila aina tano za mamalia duniani, karibu moja ni popo. Kenya peke yake ina zaidi ya aina 100. Anayesema "popo" kana kwamba ni mnyama mmoja anaunganisha viumbe wanaotofautiana kwa ukubwa, kwa chakula na kwa makazi.

Kwa msomaji wa kawaida, kuwagawa katika makundi mawili kunatosha. Wapo popo wala matunda: wana macho makubwa, uso unaofanana na wa mbwa, na wengi wao hulala wakining'inia mitini. Hawa huona vizuri hata gizani na hufuata harufu ya tunda. Halafu wapo wala wadudu, ambao wengi ni wadogo, wenye masikio makubwa, wanaokaa mapangoni, kwenye mashimo ya miti na chini ya mabati ya nyumba. Hawa husafiri kwa mwangwi. Hutoa sauti kali mno ambayo sikio la binadamu haliwezi kuinasa. Sauti hiyo hugonga ukuta, jani au mdudu na kurudi, na popo hutambua kitu kiko wapi na ni kikubwa kiasi gani. Mnyama anayeweza kumkamata nondo gizani kwa njia hii hana sababu ya kunasa kwenye nywele za mtu.

Macho wanayo wote. Kitendawili cha pwani kinachosema "popo mbili zavuka mto" jibu lake ni macho, kwa hiyo wahenga hawakumhesabu popo kuwa kipofu.

Na popo wanaonyonya damu? Wapo, aina tatu tu, na zote zinaishi Amerika ya Kilatini. Afrika hawapo.

Jambo moja zaidi la kukumbuka kwa ajili ya yatakayofuata: popo wengi huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Panya wakiuliwa leo, baada ya miezi michache wamejaa tena. Popo wakiuliwa, pengo hudumu kwa miaka mingi.

Kazi inayofanyika watu wakiwa wamelala

Mbuyu huchanua jioni. Ua lake jeupe, kubwa, lenye harufu nzito, hufunguka jua linapozama na kesho yake hunyauka. Nyuki wa mchana hulikuta limekwisha kazi. Wageni wanaolifaa ni wa usiku, na popo wala matunda ni miongoni mwa wakubwa. Popo anapoingiza uso kutafuta asali ya ua, manyoya yake hupakwa chavua, yaani ungaunga wa uzazi wa maua, naye huipeleka kwenye mbuyu mwingine. Ubuyu mwekundu unaouzwa kwenye vifuko Unguja na Mombasa una deni kwa wanyama hao.

Mvule nao una habari yake. Mti huu, ambao mbao zake zimetengeneza milango, vitanda na majahazi, una tunda laini lenye mbegu ndogo ndogo. Popo wa rangi ya nyasi kavu, anayeishi kwa makundi makubwa sehemu nyingi za Afrika, hulila tunda hilo na kuzisafirisha mbegu. Utafiti uliofanywa Ghana kwa kuwafunga popo hao vifaa vya kuwafuatilia ulionyesha kwamba mbegu ndogo zaweza kuangushwa hadi kilomita 75 kutoka kwenye mti zilikotoka. Ndege wengi hudondosha mbegu wakiwa wametua, kwa hiyo mbegu huishia chini ya mti mwingine. Popo hujisaidia akiwa angani, hata juu ya uwanda uliokwisha kukatwa miti. Ndiyo maana msitu unaojaribu kurudi wenyewe hunufaika sana naye.

Popo hao wa rangi ya nyasi ndio wanaofurika katika msitu mdogo wa Kasanka, Zambia, kati ya Oktoba na Desemba kila mwaka. Idadi yao hukadiriwa kufika milioni 10, na watalii husafiri kutoka mbali kuwaona wakitoka jioni. Kampala nako lipo bonde kando ya Barabara ya Bombo ambalo mpaka leo linaitwa kwa jina la popo, kwa sababu walikaa humo kwa maelfu katikati ya mji.

Wala wadudu nao wana hesabu yao. Popo mdogo aweza kula wadudu wenye uzito wa nusu ya mwili wake kwa usiku mmoja, na mama anayenyonyesha hula zaidi. Miongoni mwa wadudu hao ni nondo ambao viwavi wao hula mazao. Thamani ya kazi hiyo ilionekana Marekani pale ilipokoma. Kuanzia mwaka 2006 ugonjwa wa kuvu uitwao pua nyeupe uliwaua mamilioni ya popo katika mapango ya huko. Mtaalamu wa uchumi Eyal Frank wa Chuo Kikuu cha Chicago alilinganisha maeneo yaliyopoteza popo na yale ambayo ugonjwa ulikuwa haujafika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024 alionyesha kwamba wakulima wa maeneo yaliyopoteza popo waliongeza dawa za kuua wadudu kwa takriban asilimia 31, na vifo vya watoto wachanga katika maeneo hayo vikapanda kwa karibu asilimia 8. Sumu iliyochukua nafasi ya popo iliwafikia binadamu.

Kwa mwanafunzi aliyeuliza faida, jibu limeanza hapo.

Pemba: kisiwa kilichowarudisha popo wake

Pemba ina popo asiyepatikana kwingine kokote duniani. Ni mla matunda, mwenye manyoya ya rangi ya kahawia nyekundu na uso kama wa mbweha. Mabawa yake yakitandazwa hufika mita 1.6. Jamaa zake wa karibu wako Komoro, Madagaska na Asia. Barani Afrika, umbali wa kilomita 50 hivi tu kutoka Pemba, hawapo kabisa. Wataalamu wa Ulaya walimwandika katika orodha zao mwaka 1909, lakini Wapemba walikuwa wakiishi naye siku zote.

Karne ya 19 ilibadilisha kisiwa. Misitu ilifyekwa kupisha mikarafuu, na msitu wa asili ukabaki katika vipande vichache, mkubwa wao ukiwa Ngezi upande wa kaskazini. Popo walizoea mashamba kwa kadiri walivyoweza: walikula embe, shelisheli na matunda ya mikuyu, wakalala kwenye miti mikubwa iliyobaki. Kilichowamaliza ni kuwindwa. Nyama yao ililiwa, na kwa muda mrefu waliwindwa kwa nyavu na mitego iliyokamata wachache. Bunduki ilipoingia, mambo yalikuwa mengine. Risasi za marisau zikifyatuliwa mchana kwenye malalo, yaani mti ambao popo wananing'inia kwa mamia, huangusha wengi kwa mpigo na kuwatawanya waliosalia, wakiwemo mama wenye watoto kifuani.

Mwaka 1989 watafiti waliozunguka kisiwani waliwaona wachache mno. Mwaka 1996 popo wa Pemba aliwekwa katika daraja la wanyama waliokaribia kabisa kutoweka duniani.

Yaliyofuata yanastahili kusimuliwa kwa utulivu, kwa sababu ndiyo kiini cha sura hii. Katika miaka ya 1990 maofisa wa misitu wa Zanzibar, wakisaidiwa na shirika la Fauna & Flora International la Uingereza, walianza kuhesabu popo na kuzungumza na vijiji vyenye malalo. Viliundwa vikundi vya mazingira vya wanakijiji wenyewe. Kinachojulikana zaidi ni cha Kidike, si mbali na mji wa Chake Chake, ambako maelfu ya popo hukaa kwenye miti mikubwa katika ardhi ya wenyeji. Kikundi kiliwalinda popo dhidi ya wawindaji, na wageni wanaokuja kuwaona hulipa kiingilio kinachobaki kijijini.

Kulikuwa pia na ulinzi wa zamani ambao mradi haukuuleta. Baadhi ya malalo yalikuwa kwenye makaburi ya kale na misitu ya mizimu, mahali ambapo heshima ilizuia shoka tangu enzi za mababu. Waliotaka kuwalinda popo waliikuta heshima hiyo ipo, wakajenga juu yake. Pengine hilo ndilo lililowapa nafasi ya kusikilizwa, kwa sababu mgeni anayeanza kwa kutambua kilicho chema kijijini hufunguliwa mlango.

Katikati ya miaka ya 1990 hesabu zilionyesha popo wapatao 5,000. Miaka kumi na kidogo baadaye makadirio yalifika karibu 20,000, na popo wa Pemba akashushwa kutoka daraja la hatari kubwa kabisa. Kwa mnyama anayezaa mtoto mmoja kwa mwaka, huko ni kurudi kwa haraka sana.

Ugumu wa kazi hiyo unaonekana zaidi mtu akikumbuka kilichokuwa kikitokea kisiwani nyakati hizohizo. Mwaka 1995 hofu ya popobawa, shetani anayesemwa kuvamia watu usiku, ilitikisa Pemba, ikavuka hadi Unguja na Dar es Salaam. Familia nzima zililala nje kwa makundi, moto ukiwaka, kwa kuogopa kulala peke yao ndani. Popobawa ni shetani na popo ni mnyama, lakini jina na kivuli cha bawa viliwaunganisha katika akili za watoto wengi. Mwalimu wa mazingira katika hali hiyo hana haja ya kubishana na mtu kuhusu mashetani. Inatosha kuwapeleka watoto mchana chini ya mti, wakamwona mama popo akiwa amemfunika mtoto wake kwa bawa, wakajua huyo ni nani.

Hofu yenye sababu

Kitabu kinachomsifu popo bila kutaja magonjwa kinamdanganya msomaji, na msomaji aliyedanganywa haamini tena. Popo wana virusi, na baadhi ya virusi hivyo huua watu.

Marburg ndio unaotugusa zaidi. Virusi vyake hukaa ndani ya popo wa matunda wa Misri, aina inayolala mapangoni kwa maelfu, bila kumuua popo mwenyewe. Kwenye pango la Kitum, Mlima Elgon upande wa Kenya, watu wawili waliolitembelea kwa nyakati tofauti waliugua na kufariki, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987. Mlipuko wa Kagera wa 2023 ulikuwa na wagonjwa 9, na 6 kati yao walifariki. Ule wa Rwanda wa 2024 uliwapata watu 66, wengi wao wahudumu wa afya, na kuua 15. Chanzo chake kilihusishwa na pango la mgodi lenye popo wa matunda.

Hapo ndipo wengi husema: basi wauawe. Uganda ilishapitia njia hiyo. Mwaka 2007 wachimbaji kadhaa wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa nchi, waliugua Marburg. Mgodi ulikuwa na makumi ya maelfu ya popo. Waliuliwa na milango ya mgodi ikazibwa. Watafiti waliporudi mwaka 2012 walikuta popo wachache wamehamia tena, na walipowapima waliona jambo la kutisha. Kabla ya mauaji, popo kama 5 katika kila 100 walikuwa na virusi. Sasa walikuwa 13 katika kila 100. Mwaka huohuo Marburg ilizuka tena kusini magharibi mwa Uganda.

Sababu yake inaeleweka. Katika kundi lililotulia, popo wengi wazima wamekwisha kupata kinga. Kundi likifagiliwa, nafasi hujazwa na popo wageni, wengi wakiwa vijana wasio na kinga, na virusi hupata njia mpya ya kuenea. Anayechoma popo pangoni kwa nia ya kulinda kijiji aweza kukiongezea kijiji hatari.

Njia iliyofaa zaidi ilitumika nchini humohumo. Katika msitu wa Maramagambo, Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, lipo pango ambalo watalii wawili walioingia kwa nyakati tofauti waliambukizwa Marburg miaka ya 2007 na 2008; mmoja alifariki. Pango lilifungwa, kisha likajengwa banda la kutazamia lililowekwa umbali salama. Popo wamebaki pangoni, na watu bado wanawaona.

Ugonjwa wa pili wa kutajwa ni wa jamii ya kichaa cha mbwa. Sehemu kubwa kabisa ya kichaa hicho Afrika hutoka kwa mbwa, lakini popo nao wana virusi vya ukoo huo. Mwaka 2007 mwanamke kutoka Uholanzi alifariki baada ya popo kumkwaruza usoni akiwa karibu na Tsavo Magharibi, Kenya. Visa vya namna hiyo ni vichache mno. Hata hivyo mkwaruzo wa popo, hata mdogo, unaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu anakwenda hospitali siku hiyohiyo.

Kwa ufupi: hatari huja kwa kugusana. Popo anayepita juu ya mji usiku hamwambukizi mtu. Anayeambukizwa ni yule anayeingia pangoni anamolala, anayemshika, anayemchinja, au anayekula tunda alilolitafuna. Mzazi wa Kagera anaweza kuwaambia watoto wake maneno mawili yanayotosha: mtazame, usimguse. Na tunda lenye alama za meno liachwe lilipo.

Popo darini: la kufanya na la kuacha

Wanaoingia nyumbani karibu wote ni wala wadudu. Wanachotafuta ni joto chini ya bati na upenyo wa kuingilia, na upenyo wa upana wa kidole unawatosha. Wenyewe hawatoboi kitu wala hawatafuni waya.

Kosa la kawaida ni kuwapulizia dawa ya wadudu au kuwafukizia moshi. Dawa huishia kwenye mapafu ya wenye nyumba. Moshi huwafanya popo washuke vyumbani wakiwa wamechanganyikiwa, na hapo ndipo watu hung'atwa. Moto kwenye dari la mbao umekuwa hasara kubwa kuliko popo wote waliokuwamo. Kuziba matundu wakiwa ndani ni kosa lingine: hufia humo, na harufu iliyokuwa ikilalamikiwa huwa mbaya mara kumi.

Wanaofanikiwa hufuata mpango huu:

1. Wanakaa nje magharibi mbili tatu na kutazama popo wanatokea wapi. Ukuta wenye michirizi na vinyesi vidogo vikavu chini yake ndio alama.
2. Wanahakikisha hakuna watoto wasioweza kuruka. Wakiwapo, wanangoja wiki sita hadi nane.
3. Wanaziba matundu yote mengine kwa saruji, mbao au wavu wa chuma, wakiacha lile kubwa linalotumika.
4. Juu ya tundu hilo wananing'iniza wavu laini wenye matundu madogo, ukiwa umefungwa juu na pembeni na kuachwa wazi chini. Popo hushuka na kutoka, lakini wakirudi hawaioni njia.
5. Baada ya siku kama saba bila popo kutoka, wanaondoa wavu na kuziba.

Kinyesi kilichobaki darini kisifagiliwe kikavu, kwa sababu vumbi lake laweza kubeba vimelea vya kuvu vinavyoshambulia mapafu. Kinyunyiziwe maji yenye dawa ya kuua vijidudu, na anayekizoa avae glovu na barakoa.

Popo mmoja akipotea njia na kuingia sebuleni, taa zizimwe, dirisha lifunguliwe, mlango wa ndani ufungwe. Kwa kawaida hutoka mwenyewe. Akianguka, afunikwe kwa ndoo na kadibodi ipitishwe chini. Asishikwe kwa mkono mtupu.

Maembe ya nani?

Popo wa matunda hula embe, hilo halikanushwi. Lakini hutafuta lililoiva likanukia, wakati mfanyabiashara huvuna embe likiwa limekomaa na bado gumu, ili lifike sokoni. Mwenye shamba anayevuna kwa wakati hupoteza kidogo kuliko anayeacha matunda yaivie mtini. Kwa miti michache ya nyumbani, wavu wenye matundu madogo uliovutwa ukakaza hufaa. Wavu mlegevu hunasa popo na ndege na kuwaua bure.

Mauritius ilichagua bunduki. Kuanzia mwaka 2015 serikali ya huko iliua makumi ya maelfu ya popo wa matunda wa kisiwa hicho ili kuokoa maembe na matunda mengine. Mavuno hayakuongezeka, na mwaka 2018 popo huyo, ambaye naye asili yake ni visiwa vya eneo hilo tu, alipandishwa katika daraja la hatari zaidi ya kutoweka. Ng'ombe akivunja ua, fundi huitwa kutengeneza ua. Kwa popo ni vivyo hivyo: fedha iliyonunua risasi ingenunua nyavu.

Nani afundishe, na kwa maneno gani

Mji wa Austin, jimbo la Texas, ulikarabati daraja lake la Congress Avenue mwaka 1980. Mianya iliyoachwa chini ya daraja ilikuwa ya upana unaowafaa popo, nao wakahamia kwa mamia ya maelfu. Watu waliingiwa na hofu, magazeti yakaichochea, na baadhi ya wakazi wakataka popo waangamizwe. Mwaka 1986 mtaalamu Merlin Tuttle, mwanzilishi wa shirika la Bat Conservation International, alihamia mjini humo. Alizungumza na wenye mamlaka, waandishi na wakazi, akiwaonyesha picha alizopiga yeye mwenyewe: popo mwenye uso mtulivu, si mwenye meno nje kama alivyozoeleka kupigwa picha. Leo popo hao hukadiriwa kufika milioni 1.5, na jioni za miezi ya joto watu hujipanga darajani na kwenye mashua kuwatazama wakitoka. Hoteli na wenye mashua hupata riziki kwao.

Austin na Kidike hazifanani kwa utajiri, lakini zilifaulu kwa mambo yaleyale. Mwalimu alikaa mahali pale, hakupita. Hofu ya watu ilijibiwa kabla ya kuwaomba wawapende popo. Na waliobeba gharama ya kuishi nao, yaani kelele, harufu na matunda yaliyoliwa, ndio waliopata faida ya kwanza. Mpango unaopeleka fedha za watalii mjini na kuacha harufu kijijini hautadumu, na haustahili kudumu.

Mabango peke yake hayatoshi. Mtoto wa darasa la tano aliyehesabu popo jioni moja pamoja na mwalimu wake atakwenda kumweleza babu yake, na babu atamsikiliza mjukuu kuliko ofisa wa wilaya. Khatibu anayekumbusha kwamba viumbe hawa wana haki yao, au mchungaji anayesema hivyo kanisani, anafika mahali ambapo semina haifiki. Mhudumu wa afya wa kijiji ndiye anayefaa kueleza habari za Marburg, kwa sababu ataulizwa maswali ya kweli na ataaminiwa akijibu. Redio ya mtaa inaweza kuwakutanisha wote hao kwa saa moja.

Halmashauri nazo zina sehemu yao. Mti mkubwa wenye malalo ukikatwa katikati ya mji, popo hawatoweki. Hugawanyika na kuhamia kwenye paa za shule, zahanati na nyumba zilizo karibu. Kabla ya kutoa kibali cha kukata mti kama huo, ofisa misitu na ofisa afya waulizwe kwanza, na wakazi wanaoishi chini yake wasikilizwe.

Kwa walimu wa Pemba na Unguja, ombi ni jepesi: mipango ya safari za shule za mwaka huu iwe na siku moja ya Kidike. Kwa walimu wa bara na wa pwani ya Kenya, usitafutwe mji wa mbali. Utafutwe mbuyu ulio karibu unaochanua, na watoto wapelekwe kuutazama jua linapozama, wakiwa na daftari, kalamu na mzazi mmoja au wawili wa kuandamana nao.